Mti mgonjwa kando ya nyumba: anza kukagua chini, majani baadaye

Mti mkubwa ulio karibu na nyumba ukianza kuumwa, mtaa mzima hugeuka madaktari. Mmoja atakuambia umwagie maji ya chumvi, mwingine upake chokaa, wa tatu ana shemeji mwenye msumeno wa moto. Kabla hujamsikiliza yeyote, tenganisha maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mti unaumwa nini? Na je, unaweza kuanguka?

Majibu yake mara nyingi hayafanani. Mwembe ambao majani yake yamekuwa meusi kwa masizi unaweza kusimama miaka mingi bila kumdhuru mtu. Mwembe mwingine, wenye majani mabichi na maembe tele, unaweza kulala juu ya bati usiku mmoja wa masika kwa sababu mizizi yake ilishaoza. Maji na chakula cha mti hupita kwenye tabaka za nje, karibu na gome. Mbao za katikati kazi yake ni kubeba uzito. Fangasi inaweza kula katikati yote na majani yasionyeshe lolote.

Ndiyo maana ukaguzi unaanzia shinani. Na kabla hata ya shina, simama mbali, kadiria urefu wa mti, kisha angalia ukilala utafika wapi. Mti wa mita 15 ulio mita 6 kutoka dirisha la chumba cha watoto hauna nafasi ya kukosea. Mti uleule ukiwa pembeni ya kiwanja kikubwa Kigamboni, Dar es Salaam, unaweza kuachwa uzeeke. Kwenye viwanja vya Sinza au Manzese swali hili ni jepesi: utaangukia kwako au kwa jirani.

Uyoga mgumu shinani, au gome la chini linabanduka

Piga magoti. Ondoa majani makavu, matofali yaliyoegemezwa na takataka nyingine mpaka uone mahali shina linapotanuka kuwa mizizi. Tafuta uyoga mgumu, bapa, uliotokeza ubavuni mwa shina au juu ya mzizi. Aina inayosumbua sana ni Ganoderma. Juu ina rangi ya kahawia yenye wekundu, mara nyingine inang'aa kana kwamba imepakwa vanishi, na ukingo wake huwa mweupe inapokua. Huingia kwenye mvinje, mkrismasi, mwembe na miti mingine mingi ya mjini, hasa kupitia majeraha ya mizizi na ya shina. Mvua zinapokolea ndipo huonekana zaidi.

Uyoga unaouona ni sehemu ya kuzalia tu. Fangasi yenyewe iko ndani ya mbao, na ilianza kazi zamani. Kuubandua hakusaidii, na hakuna dawa ya duka la pembejeo itakayofika huko ndani. Swali linalobaki ni kiasi gani cha mbao nzima kimesalia.

Chukua nyundo ya mpira au upande butu wa shoka, gonga shina kuzunguka pande zote kuanzia usawa wa ardhi hadi kifuani. Mbao nzima hutoa mlio mfupi, mkavu. Penye pango utasikia ngoma. Weka alama za chaki. Kisha, kwenye sehemu chache tu ulizozitilia shaka, fundi atoboe kwa kekee nyembamba ya milimita 4 au 5 huku akisikiliza mkono wake: kekee ikipenya ghafla bila upinzani, au ikitoa unga mweusi wenye unyevu, amefika kwenye uozo. Apime kina alichofikia. Asitoboe ovyo, kwa sababu kila tundu ni mlango mpya wa fangasi.

Wataalamu wa miti hutumia kipimo cha haraka: ukuta wa mbao nzima usipungue theluthi moja ya nusu kipenyo cha shina. Shina lenye kipenyo cha sentimita 60 lina nusu kipenyo cha sentimita 30, kwa hiyo linahitaji angalau sentimita 10 za mbao nzima kuzunguka pande zote. Pango likiwa na mdomo uliofunguka nje, au mti ukiwa umeinama, sentimita 10 hizo hazitoshi. Kipimo hiki pia hakisemi lolote kuhusu mizizi. Ile ya juu juu ifukue taratibu kwa mkono na uichome kwa bisibisi ndefu. Ukikuta mizizi mikubwa ya upande mmoja imelainika, usitafute kipimo kingine. Mti huo uondoke.

Mti umeinama

Kuna kuinama kwa zamani na kuinama kwa juzi. Mti ulioinama tangu utoto hujirekebisha: shina linaanza na mshazari, kisha linapinda kuelekea juu. Huo si wa kukutisha. Mti ulioinama karibuni umenyooka wote kwa mshazari mmoja, na upande wa pili wa mwinamo ardhi imefanya ufa au imevimba. Hapo mizizi inang'oka. Hamisha watu kutoka vyumba vya upande huo leo hii, toa gari, na usipande juu yake wala usimpandishe mtu.

Kama huna uhakika, funga timazi ya fundi mwashi kwenye tawi, weka alama inapogusa ardhi, na uitazame baada ya kila mvua kubwa. Alama ikihama wakati hakuna upepo, umepata jibu.

Sehemu kubwa ya Dar ina udongo wa kichanga, na maeneo ya karibu na bahari kama Mikocheni maji ya ardhini hayako mbali, kwa hiyo mizizi mingi hutambaa juu juu badala ya kuzama. Mvua ndefu ikilowesha ardhi kwanza, kisha upepo ukaja, miti hung'oka na mizizi yake. Kimbunga Hidaya kilichotua Mafia tarehe 4 Mei 2024 kilikuta hali ya namna hiyo pwani: msimu mzima wa mvua kubwa ulikuwa umetangulia. Ukaguzi wa maana ni ule wa Januari na Februari, kabla ya masika, si ule wa Aprili ukiwa umeshika mwavuli.

Unakauka kuanzia juu

Hapa ndipo watu wengi wanaponunua dawa bure. Matawi ya kileleni yanapukutika, vijiti vinabaki vitupu, kila msimu ukavu unashuka kidogo. Mwenye nyumba ananunua kiuatilifu, anakodi mtu wa kupuliza, mti unaendelea kukauka.

Kabla ya kuwaza wadudu, jiulize ni kitu gani kilijengwa karibu na mti huu ndani ya miaka mitatu au minne iliyopita. Mti mkubwa una akiba, na mizizi ikikatwa leo kilele kinaweza kuonyesha baada ya mwaka au zaidi, wakati kila mtu ameshasahau. Msingi wa fensi uliochimbwa mita moja kutoka shinani. Mtaro wa bomba la maji. Chemba mpya. Kifusi kilichosambazwa kuinua uwanja usituame, kikafukia shina nusu mita. Au ua mzima uliotandikwa vitofali vya pevingi hadi kwenye gome, kisha fundi akasifiwa kwa usafi wa kazi. Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukishindiliwa na kufunikwa, inakufa polepole, na iliyokufa huwa lango la fangasi za kuozesha.

Dalili ya shina lililofukiwa ni kwamba linaingia ardhini limenyooka, bila kutanuka. Ondoa kifusi kwa mkono hadi utanuko uonekane tena. Ng'oa pevingi kuzunguka mti, angalau mita moja na nusu kila upande, zaidi ukiweza, na mahali pake weka majani makavu au mboji nyepesi yasiyogusa gome. Mwagilia kwa kina mara moja moja kiangazi badala ya kunyunyizia kila jioni. Mti uliopoteza mizizi upande mmoja unaweza kujikusanya ndani ya misimu michache. Ukiwa umepoteza pande mbili, na upo karibu na nyumba, rudi kwenye swali la kuanguka.

Kuna chanzo kingine ambacho pwani hakikosi: chumvi. Kama kingo na ncha za majani zimeungua kwa rangi ya kahawia huku katikati kukiwa kijani, onja maji ya kisima unayomwagilia. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya magadi, na kadiri vinavyovutwa ndivyo chumvi inavyozidi. Badilisha maji na uache mvua isafishe udongo. Hakuna mbolea ya kuondoa chumvi, na mbolea za dukani zenyewe ni chumvi juu ya chumvi.

Ukishaondoa haya, fikiria ugonjwa wenyewe. Kwenye mwembe kuna mnyauko unaoletwa na fangasi, ambao alama yake ni kwamba majani ya tawi husika yanakauka na kubaki yamening'inia, hayadondoki, na mara nyingi tawi linatoa utomvu. Kata kijitawi kwa kisu kikali: ukiona michirizi ya kahawia ndani ya mbao, ndiyo hiyo. Kata matawi yote yenye dalili, ukishuka sentimita 10 hadi 15 chini ya mwisho wa michirizi, hadi kwenye mbao safi. Safisha msumeno kwa spiriti kila unapohama tawi. Dawa ya kopa, yaani ya madini ya shaba, inaweza kupakwa kwenye vidonda na kupulizwa kwenye machipukizi yanayofuata, ila inalinda tu. Haiponyi kilichokwisha kukauka. Soma kibandiko kwanza, na hakikisha dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kupuliza dawa kwenye mti wa mita 12 katikati ya nyumba za watu ni kuwapuliza majirani, kwa hiyo kwangu mimi msumeno hutangulia.

Matundu na unga wa mbao

Unga wa mbao uliorundikana chini ya tundu la duara ni kazi ya buu wa mbawakawa anayetoboa shina. Matundu mawili matatu kwenye mti wenye nguvu ni jambo la waya: ingiza waya mwembamba umchome, kisha ziba kwa udongo wa mfinyanzi. Matundu mengi kwenye mti mmoja yana maana nyingine. Mti ulikuwa umedhoofika kabla, na wadudu wamekuja msibani. Rudi kwenye mizizi.

Mchwa wamepanda shina

Njia za udongo juu ya gome hutisha kuliko zinavyostahili. Mara nyingi mchwa wanakula gome lililokufa na mbao kavu, wakiacha iliyo hai. Kwangua njia moja ukaone: chini yake gome ni bichi? Acha. Ni kavu na linabanduka? Basi mchwa wamekuonyesha sehemu iliyokufa, igonge kama nilivyoeleza. Hatari kubwa ya mchwa ni kwa nyumba. Tawi kavu lililolala juu ya bati ni daraja la kuwafikisha kwenye kenchi bila kupita msingi uliowekewa dawa. Matawi yawe mita mbili mbali na paa.

Masizi meusi na unga mweupe

Masizi meusi juu ya majani, bati na gari ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu yanayotolewa na wadudu magamba na vidung'ata. Unga mweupe kwenye maua ya mwembe ni ubwiri unga, unaokula mavuno. Yote mawili yanakera, hakuna linaloangusha mti. Punguza matawi ya ndani upepo upite. Kama mwembe una majimoto, wale sisimizi wanaojenga viota vya majani, waache.

Kirukia nacho, ule mmea unaoota juu ya tawi na kunyonya utomvu wake, hakitauua mwembe mkubwa haraka. Kata tawi lenyewe chini ya kilipoingia, maana kikipogolewa juu kitachipua tena.

Mnazi ni habari nyingine

Mnazi hauna gome na mbao kama miti niliyoitaja, hauponi kidonda, na una sehemu moja tu ya kukulia: kilele. Kikifa, mnazi umekufa. Kwa hiyo kila kitu hutegemea kusoma kilele.

Majani yenye mikato ya pembetatu, kana kwamba yamekatwa kwa mkasi yakiwa bado yamekunjwa, ni kazi ya chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe. Hutoboa kileleni kufuata majani machanga. Mkwezi anaweza kumtoa kwa waya wenye ndoana, lakini dawa kubwa iko chini: chonga huzaliana kwenye magogo ya minazi yanayooza na kwenye marundo ya samadi na mboji. Ukiwa na gogo la mnazi uliokatwa limelala nyuma ya banda, wewe ndiye mfugaji.

Nazi changa zinazodondoka zikiwa na makovu na utomvu, huku majani yakiwa mazima, kwa kawaida zimefyonzwa na kidudu mdogo wa nazi. Adui yake mkuu ni majimoto haohao.

Kinachopaswa kukushtua ni mfuatano huu: nazi za ukubwa wote zinadondoka, maua mapya yanatoka meusi, majani yanageuka manjano kuanzia ya chini kupanda juu, kisha jani la katikati linaoza na kilele chote kinaanguka, linabaki shina tupu. Huo ni ugonjwa wa kunyong'onyea, ulioteketeza minazi mingi ya pwani yetu. Huletwa na kijidudu cha fitoplazma kinachoishi ndani ya mishipa ya mti, na haupulizwi dawa ukapona. Kata, na ondoa shina lisigeuke kitalu cha chonga. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mikocheni kimeshughulika na minazi tangu zamani. Ukitaka uthibitisho au mbegu ya kupanda upya, anzia huko.

Usiache mnazi mfu umesimama kando ya nyumba ukisubiri pesa za mkwezi. Shina likioza, mkwezi mwenyewe atakataa kupanda, na atakuwa sahihi.

Tiba zinazoongeza ugonjwa

Kukata kichwa ndiyo maarufu kuliko zote. "Bosi, tuutoe kichwa tu, utachipua vizuri." Utachipua kweli. Machipukizi hayo yameshikwa na tabaka za nje tu, juu ya kisiki kinachooza, na baada ya miaka michache yanakuwa matawi mazito yanayokatika hata bila upepo. Kama mti ni mrefu mno kwa pale ulipo, punguza tawi moja moja hadi kwenye makutano yake na tawi lingine, au uondoe wote.

Kujaza pango kwa zege hakuongezi nguvu. Zege halipindi, mti unapinda, na unyevu unabaki katikati. Chokaa shinani haiponyi chochote na inaficha nyufa ulizotakiwa kuziona. Kumwaga dizeli au oili chafu, kuwasha moto shinani au kuchuna gome kuzunguka mti ili "ufe wenyewe" ni mbaya kuliko yote: unaugeuza mti uliokuwa na nguvu kuwa mti mkavu unaovunjika ovyo, na bado utalipa mtu aukate, kwa bei kubwa zaidi kwa sababu sasa kuupanda ni hatari.

Na usikate mizizi kwa ajili ya ufa wa ukuta kabla hujafukua ukaona mzizi wenyewe. Kwenye udongo wa kichanga mizizi huinua vitu vyepesi kama fensi, pevingi na vifuniko vya chemba. Nyumba nzito haiinuki kirahisi, na nyufa zake mara nyingi zina chanzo kingine. Mabonde ya mfinyanzi kama ya Msimbazi yana tabia tofauti, kwa sababu udongo wenyewe husinyaa na kuvimba. Popote ulipo, mzizi mkubwa usikatwe ndani ya umbali wa mara tatu hadi tano ya kipenyo cha shina.

Ukiamua kuuondoa

Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, kisha afisa misitu au mazingira wa manispaa yako, upate ruhusa kwa maandishi. Piga picha za uyoga, ufa wa ardhi au pango, maana zinafupisha maelezo. Kama matawi yamekaribia nyaya za umeme, TANESCO wazime laini kwanza. Fundi anayesema atawahi kabla tawi halijagusa waya, mlipe nauli arudi kwao. Mti ukishaangukia nyumba na kuna watu ndani, namba ya Zimamoto ni 114.

Mti wa karibu na nyumba hauangushwi, unashushwa vipande kutoka juu, kila kipande kikifungwa kamba kabla ya kukatwa. Muulize fundi atafunga kamba wapi na nani ataishika chini. Jibu lake litakuonyesha kama anaijua kazi. Mti uliooza shina asiupande hata akiwa hodari. Hapo inahitajika kreni, au jukwaa linalosimama lenyewe. Kubalianeni mapema nani anachukua magogo, nani anabeba matawi, na nani analipa bati likitoboka.

Kisiki chenye Ganoderma king'olewe pamoja na mizizi mikubwa, na vipande vyake visitumike kufunikia udongo chini ya miti mingine. Mti mpya uende mahali pengine kiwanjani, mita kadhaa kutoka ukutani, chemba na nyaya. Mwembe au mkungu, ambao kivuli chake utataka baadaye, upe mita nane au zaidi. Kiwanja kisipokuwa na mita hizo, panda mlimau au mpera.